Tulisema Ni Tumbo

Juma hili tumeombwa, sisi mume na mke kutoka milima ya Taita, tueleze habari za ugonjwa ambao wanaume wengi huujua kwa jina tu, nao ni kansa ya tezi dume. Umekuwa nyumbani mwetu tangu mwaka 2022. Tutasema "sisi", na panapohitajika kututenga tutasema Baba na Mama, kama watoto wetu wanavyotuita. Ikiwa umeketi na watoto karibu na redio, usiizime. Tutataja viungo vya mwili kwa majina yake, na zaidi ya hapo hakuna neno la kumwaibisha mtu.

Kwanza, hiyo tezi dume ni nini? Ni tezi ndogo aliyo nayo kila mwanamume, ukubwa wake kama ndimu ndogo. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya choo kikubwa, na mrija wa mkojo hupita katikati yake kama uzi unavyopita ndani ya ushanga. Kazi yake ni kutoa maji yanayochukuana na mbegu za kiume. Mwanamume akiisha kupita miaka 50, mara nyingi tezi hii huanza kunenepa, na ikinenepa huubana ule mrija. Ndipo mzee anapoamka usiku mara tatu au nne, na mkojo huanza kwa shida, hutoka mwembamba, hukatika njiani. Huko kunenepa si kansa. Ni jambo la uzee, na lina dawa zake.

Kansa yenyewe, mara nyingi, huanza upande wa nje wa tezi, mbali na mrija. Kwa hiyo yaweza kukua miaka mingi bila kuubana mrija na bila maumivu yoyote. Mtu hulima, hula vizuri, huimba kwaya, wala hajui. Anayengoja dalili ndipo aende hospitali, huenda akaziona wakati ugonjwa umekwisha kutoka katika tezi na kuingia katika mifupa ya mgongo na ya nyonga. Jambo hili sisi hatukulijua, nasi tunadhani wengi wanaotusikiliza hawalijui.

Baba alikuwa na miaka 64, mwalimu mstaafu. Alikuwa akiamka usiku, naye alisema ni baridi ya mlimani. Mama ndiye aliyehesabu. Asubuhi moja ya Januari akasema, "Baba, mlango huu umefunguka mara nne. Kesho tunashuka Voi." Baba akajibu kwamba ni baridi. Kesho yake tukashuka.

Huko walimtoa damu kidogo ili wapime kitu kiitwacho PSA. Hii ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo huingia katika damu ya kila mwanamume. Ikizidi 4, madaktari wengi hutaka kuchunguza zaidi, ingawa umri wa mtu nao hutazamwa. Ya Baba ilikuwa 11. Lakini tafadhali msikie vizuri: PSA kupanda si hukumu. Tezi iliyonenepa huipandisha, na hata ugonjwa wa kuambukiza katika njia ya mkojo huipandisha. Tena yaweza kuwa chini na kansa iwepo. Ni kama mbwa anayebweka usiku. Huna budi kutoka na taa kutazama kuna nini.

Kisha daktari akasema lazima aipapase tezi kwa kidole, kwa njia ya nyuma, akiwa amevaa glavu. Baba alikuwa tayari kurudi mlimani kwa miguu kuliko kukubali jambo hilo. Daktari alikuwa kijana, umri wa mwanawe wa pili. Mama akatoka nje, akangoja. Haikupita dakika moja. Baba mwenyewe husema kwamba kung'olewa jino ni kubaya zaidi. Daktari alikuta mahali pagumu upande mmoja, akatuandikia barua ya kwenda Nairobi.

Nairobi walimpiga picha ya MRI, na siku nyingine wakampa dawa ya ganzi na kutoa vipande 12 vyembamba vya nyama ya tezi kwa sindano. Vipande hivyo ndivyo hupelekwa maabara, na mpaka hapo hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba mtu ana kansa. Tuliambiwa damu ingeonekana katika mkojo kwa siku chache na katika mbegu kwa majuma, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tuliambiwa pia kwamba homa na kutetemeka baada ya kipimo hicho si jambo la kungoja kesho, bali kurudi hospitali mara moja.

Majibu yalitoka: vipande 4 kati ya 12 vilikuwa na kansa, na alama yake ilikuwa 3 kuongeza 4, yaani 7. Alama hizi zilibuniwa na daktari wa Marekani aliyeitwa Donald Gleason katika miaka ya 1960. Huanzia 6, ambayo ni kansa ya mwendo wa polepole, hufika 10, ambayo ni kali sana. Ya Baba ilikuwa ya katikati. Picha ya mifupa ilionyesha kwamba haijafika mifupani. Daktari alisema hizo ni habari njema. Sisi tulikuwa tumesikia neno moja tu, kansa, na maneno yake mengine tulilazimika kumwomba ayarudie. Tuliketi kwenye benchi nje ya chumba chake, tukakaa muda mrefu bila kusemezana.

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa alituuliza atangaze nini, maana fedha zilihitajika na watu walikuwa tayari kufanya harambee. Tukatazamana. Mama akasema, "Sema ni tumbo." Baba akaitikia kwa kichwa. Ikatangazwa kwamba mzee wetu wa kwaya atapasuliwa tumbo, na wakristo wakatoa kwa ukarimu. Baba aliimba besi katika kwaya hiyo miaka 30. Nje ya nyumba yetu mtu mmoja tu aliujua ukweli, jirani yetu Mwislamu mwenye duka Voi, ambaye babake aliugua ugonjwa huohuo. Yeye tulimwambia. Ndugu zetu tuliokunywa nao kikombe kimoja hatukuwaambia.

Wako waliotushauri kwamba maombi yanatosha, mtu asipasuliwe. Sisi tuliomba sana, tena mchungaji wetu alikuja akaomba nasi, kisha akatuuliza tarehe ya operesheni ili apange usafiri. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na hatujapata kusoma kwamba aliacha kazi yake kwa kuwa ameamini.

Daktari hakutulazimisha kupasuliwa. Alisema kansa iliyo polepole yaweza kuangaliwa tu kwa vipimo vya kila baada ya miezi kadhaa, na wengine hawahitaji matibabu yoyote kamwe. Iko pia tiba ya mionzi. Uchunguzi mmoja wa Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, uliwafuata kwa miaka 15 hivi wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema kwa PSA. Wengine waliangaliwa tu, wengine walipasuliwa, wengine walipewa mionzi. Katika kila kundi, wapatao 97 kwa kila 100 hawakufa kwa ugonjwa huo. Laiti tungalijua hivyo tulipokuwa kwenye lile benchi! Kwa kuwa Baba alikuwa na nguvu, na kansa yake ilikuwa ya katikati, na safari za mara kwa mara za kwenda kupigwa mionzi zingalitushinda, tulichagua kisu. Mwingine angechagua vingine, naye asingekosea.

Operesheni ilifanywa mwezi wa Mei, ikachukua saa tatu. Mtu hulazwa usingizi, hupasuliwa kutoka chini ya kitovu, na tezi yote hutolewa pamoja na vifuko vidogo vilivyo nyuma yake. Kisha kibofu huvutwa chini na kushonwa na mrija wa mkojo, maana kipande kilichokuwa katikati kimeondoka. Ili mshono upone, mpira mwembamba hupitishwa kwa njia ya mkojo mpaka kibofuni, na mkojo hutiririka wenyewe katika mfuko. Baba alizinduka na mpira huo, na kesho yake wauguzi wakamwinua atembee, maana mtu akilala sana baada ya kisu kama hiki, damu yaweza kuganda miguuni.

Tulirudi kwa treni mpaka Voi siku ya sita. Yule jirani Mwislamu alikuwa amempa Baba kanzu kabla hatujasafiri, akisema hakuna vazi bora kwa mtu mwenye mpira, na ni kweli. Mfuko ulifungwa pajani, hakuna aliyeuona. Mama mmoja ndani ya treni alimwita Baba shehe, akamwomba dua ya safari njema. Baba akamwombea.

Nyumbani mpira ulikaa mpaka siku ya 14. Aliye nao anawe mikono kwanza, asafishe mahali unapoingilia kwa sabuni na maji kila siku, mfuko uwe chini ya kibofu daima, na umwagwe kabla haujajaa. Anywe maji. Damu kidogo mkojoni isimtishe, wala kibofu kujikaza ghafula kwa maumivu mafupi. Lakini mkojo ukiacha kutiririka, au homa ikishika, au mguu ukavimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi, aende hospitali saa hiyohiyo. Kwa majuma sita Baba hakushika jembe, hakubeba debe la maji, hakupanda bodaboda, jambo ambalo kwetu mlimani ni kifungo kamili. Alikula papai na mboga nyingi, kwa sababu mtu aliyefunga choo akijikamua huuumiza mshono.

Siku mpira ulipotolewa tulifurahi kama wakimbizi waliorudi kwao. Kabla hatujafika stendi ya matatu, suruali ilikuwa imelowa.

Daktari alikuwa ametuambia, lakini neno hilo lilitupita kwa sababu tulikuwa tukisikiliza habari za uzima na kifo. Mkojo wa mwanamume huzuiwa mahali pawili. Moja ni hapo kibofu kinapokutana na tezi, nako huguswa tezi inapotolewa. Sehemu ya pili ni msuli ulio chini zaidi, na sasa msuli huo pekee lazima ujifunze kazi ya wawili. Wengi hupata nafuu kwa miezi mitatu mpaka mwaka mzima. Wachache hubaki na shida, nao wana matibabu mengine. Lakini katika hiyo miezi ya kwanza, mtu akikohoa hulowa, akiinuka kitini hulowa, akicheka hulowa.

Mama alinunua pedi Voi, wala si katika duka la kijijini. Za usiku alizishona kwa kanga kuukuu, akazifua alfajiri na kuzianika ndani, juu ya kiti, ili kamba ya nguo isitoe siri. Baba alijaribu kwenda kanisani Jumapili moja ya Juni. Aliposimama kuimba, alijua limetokea. Akaketi kabla ubeti haujaisha. Baada ya hapo hakurudi mpaka Oktoba.

Miezi hiyo ilikuwa mibaya kuliko operesheni. Watu walisema mzee amerudi nyuma katika imani, wengine wakasema amechukuliwa na kanisa jingine. Wazee walipokuja kumtazama, aliingia chumbani na Mama akasema amelala. Nasi ndani ya nyumba tuligombana kwa mambo madogo, chumvi, taa, kuku. Baba alikuwa amepunguza kunywa maji akidhani atalowa kidogo, kumbe mkojo ukiwa mzito hukiwasha kibofu na kunuka zaidi. Na chai yetu ya asubuhi na jioni nayo ilikuwa ikikichokoza kibofu hichohicho.

Aliyetusaidia ni muuguzi mmoja Voi. Alimfundisha Baba kukaza misuli ya chini, ile ambayo mtu huikaza akitaka kuzuia mkojo au upepo, bila kubana pumzi wala matako. Akaze huku akihesabu mpaka tano, alegeze kwa muda uleule, mara kumi. Afanye hivyo asubuhi, mchana na jioni. Mazoezi haya daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeneza mwaka 1948 kwa wanawake waliojifungua, nayo huwafaa wanaume vilevile. Hayafanywi mpira ungalipo. Tena akamwambia akaze kwanza, ndipo ainuke; akaze, ndipo akohoe. Baba akajifunza kukaza kabla kiongozi hajasema "tusimame." Septemba pedi sita za kutwa zilikuwa mbili. Krismasi alibaki na moja, ya tahadhari.

Sasa tufike kwenye jambo tuliloogopa zaidi kulisema redioni, yaani mambo ya kitanda. Pande mbili za tezi hupita mishipa myembamba ya fahamu inayompa mwanamume nguvu. Zamani ilikatwa kwa kutojulikana ilipo. Mwaka 1982, mwaka tuliooana sisi, daktari Patrick Walsh wa Baltimore huko Marekani alifanya operesheni ya kwanza ya kuihifadhi kwa makusudi. Lakini hata ikihifadhiwa hushtuka, na yaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kuzinduka, na kwa wengine hairudi kama ilivyokuwa. Kwa Baba upande mmoja tu ulihifadhiwa, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa karibu mno na kansa. Mbegu hazitoki tena, kwa hiyo anayetaka watoto aseme kabla ya kisu. Viko vidonge na njia nyingine, na daktari hashangai akiulizwa. Sisi hatukuuliza kwa mwaka mmoja. Baba alidhani Mama amekasirika, naye Mama alidhani Baba hamtaki. Usiku mmoja umeme ulikuwa umepotea, tukazungumza mpaka jogoo wa kwanza. Tumeendelea kulala chumba kimoja, nasi tuna furaha zetu, na zaidi ya hapo si kazi ya redio.

Mwezi wa Septemba 2022 alikuja ndugu mmoja wa kwaya, aliyesimama karibu na Baba kwa miaka mingi, besi na besi. Siku hiyo Baba hakujificha. Ndugu huyo alilalamika kidogo habari ya mgongo, akasema ni jembe. Akauliza, "Tumbo lako limepona?" Baba akasema, "Limepona." Wakanywa chai, akaenda zake.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mgongo ulimlaza. Alipopimwa, PSA yake ilikuwa mamia, na kansa imejaa mifupani. Alipewa matibabu ya kuizuia homoni ya kiume, maana kansa hii hulishwa nayo, akapata nafuu ya kama mwaka hivi. Tulimzika Agosti 2024. Kabla ya hapo tulikwenda kumwona, na Baba akamweleza kila kitu. Yule ndugu hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, "Kumbe lako halikuwa tumbo?"

Hatudai kwamba neno letu lingalimponya. Daktari mmoja alituambia kwamba huenda wakati ule tunatangaziwa harambee ugonjwa wake ulikuwa umekwisha kufika mifupani. Huenda pia haukuwa. Hilo hatutalijua. Tunalojua ni kwamba alikaa benchi moja na mtu aliyekuwa ametoka kujifunza yote haya, tukamnyima.

Baada ya mazishi, Baba alisimama katika mkutano wa wanaume wa kanisa letu, akasema yote tuliyosema hapa, pamoja na habari ya pedi. Hakuna aliyeuliza swali. Lakini walipotoka, wanaume saba walimfuata kwa nyakati tofauti, mmoja nyuma ya jiko, mmoja kando ya matatu, kila mmoja akianza na maneno, "Mzee, kuna rafiki yangu..." Wawili kati yao wamepimwa tangu wakati huo. Mmoja alikuja na mkewe.

Majuma sita baada ya operesheni, PSA ya Baba ilikuwa chini ya 0.1, kama inavyopasa tezi ikiisha kutoka. Hupima tena kila baada ya miezi sita, na siku chache kabla ya majibu hatulali vizuri. Ile bima ya NHIF iliyotusaidia sehemu ya gharama ilimalizika mwaka 2024, na mahali pake pameshikwa na SHA. Anayekwenda hospitali sasa na aulize mapema ni kiasi gani kitalipwa.

Limebaki jambo la wana wetu. Katika Kenya, kansa hii ndiyo inayowapata wanaume wengi kuliko kansa nyingine, na sisi watu weusi hutupata zaidi na mapema zaidi. Mtu ambaye baba yake au ndugu yake ameugua, hatari kwake ni mara mbili au zaidi ya ile ya mtu mwingine. Kwa watu wa namna hiyo madaktari wengi hushauri wazungumze habari ya kupimwa tangu miaka 40 au 45, bila kungoja 50. Tuna wana wawili waliopita 40. Wa kwanza alikwenda, damu yake ni salama, atarudia. Wa pili yuko Mombasa, ana kazi nyingi. Mama humpigia simu kila mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita alisema atakwenda tukiisha kupanda mahindi. Tumekwisha kupanda.